Kitasa cha Karavani

Ngamiani, Tanga
14 Aprili 2025

Mdogo wangu Mselem,

Amani ikufikie huko uliko, ikukute umekula na umelala. Sisi huku tumeifunga Ramadhani na tumeifungua, na Idi imepita kwa utulivu unaoistahili nyumba yenye msiba. Sikupika. Bushra wa nyumba ya pili alileta sahani ya pilau, akaketi, akala nusu yake yeye mwenyewe ili nisione haya kuila nusu iliyobaki. Kuku wa uani wamezidi. Maji ya kisima yana chumvi kama ulivyoyaacha.

Umeniuliza kwa nini nakudai barua ilhali sote tuna simu. Kwa sababu simuni unacheka. Nikikuuliza habari za nyumba unacheka, nikikuuliza habari za kazi unacheka zaidi, na kila ninapolikaribia jambo lenyewe mtandao unakatika, nami sijui kama ni mtandao au ni kidole chako. Twalib hupita hapa kila anaposhuka na mzigo wake wa nguo kutoka Johannesburg, na hakatai kubeba bahasha. Basi andika.

Barua yako ya rambirambi niliwasomea wanawake wanaokuja kuketi nami alasiri katika eda hii. Niliisoma kwa sauti, kwa vituo vyake, kama nilivyokuwa nikisoma matangazo ya shule mstarini. Ilipokwisha, Bushra alifuta macho akasema, "Huyu ndugu yako haandiki, anahutubia." Nikamwambia, hujamjua; huyu alipokuwa na miaka mitatu alipanda juu ya kinu akawahutubia bata hadi wakaondoka. Walicheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Nassir azikwe. Kwa hilo nakushukuru.

Sasa jambo lililonikalisha na kalamu. Eda yangu inakwisha katikati ya Juni. Watoto wa marehemu wananitendea kwa adabu yote ambayo sheria inawadai. Hawaipunguzi wala hawaizidishi. Suhaib, mkubwa wao, huja kila Ijumaa, hunijulia hali akiwa ukumbini, na kabla ya kuondoka huutazama ukuta wa chumba changu kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa. Ijumaa iliyopita alikuja na mwashi. Nilimsikia akimwambia, "Huu utaondoka, ila si sasa," na sauti aliishusha, maana bado niko edani. Mimi sikuzaa na Nassir, hilo unalijua, na thumni yangu ya urithi ipo. Lakini mtu halali ndani ya thumni ya nyumba.

Miaka yote hii umekuwa ukiniambia, "Dada, njoo wakati wowote, upumzike." Nadhani wakati huo umefika. Eda ikiisha nitapanda basi. Nitakaa nawe kwa kadiri nyumba yako itakavyonivumilia. Nijibu kwa maneno machache na yaliyo wazi, ingawa najua ni kazi ngumu kwako.

Dada yako,
Mayasa


Randburg, Johannesburg
11 Mei 2025

Dada yangu Mayasa, nanyi mama zangu na dada zangu mlioketi naye mkisikiliza,

Nasimama mbele yenu kwa karatasi, kwa kuwa nimeshindwa kusimama hapo kwa miguu. Kwanza nawaomba tumrehemu Mzee Nassir, aliyenipokea kama shemeji na kunizoea kama mwana. Pili nawashukuru ninyi mnaouacha moto jikoni alasiri ili mwenzenu asikae peke yake na kuta. Hakuna sadaka inayoizidi hiyo, na anayeipokea huwa hana la kulipa ila kuikumbuka.

Afya yangu ni ya mtu wa umri wangu. Jumapili iliyopita sisi watu wa pwani tulikutana Newtown, kama ada yetu ya kila mwezi, nikaombwa kusema machache juu ya namna ya kumhifadhi maiti ugenini. Nilisema mengi. Wenye vijana wao huku wajue kwamba ni wazima, ingawa watoto waliozaliwa hapa hutujibu kwa Kizulu na kutuomba tusiwasalimie kwa kirefu mbele ya wenzao.

Kuhusu safari ya dada yangu, furaha yangu haina mpaka. Hata hivyo nina wajibu wa kunena juu ya majira. Juni hapa si mwezi wa kumpokea mgeni. Mji huu uko juu, na bonde hili la Randburg ndilo shimo ambamo baridi yote ya usiku hutuama. Alfajiri majani huwa meupe, na ukiyakanyaga hukatika kama papadi.

Nilihama Braamfontein mwaka jana, duka la vitabu nililolifanyia kazi lilipofungwa. Sasa natunza uwanja mmoja huku, na nyumba inayokuja na kazi hiyo ni ndogo, ya muda. Mlango wake una tabia ya kuganda. Mvuke wa chai na wa pumzi za mtu hupenya kwenye kitasa jioni, na kukipambazuka huwa barafu. Ufunguo hauingii, au huingia ukakataa kuzunguka. Mara ya kwanza iliponitokea, nikitoka kuzungukia uwanja, nilifanya ambavyo mtu yeyote wa Tanga angefanya: nilikimwagia birika zima la maji ya moto. Kikafunguka, nikashukuru. Kesho yake kilikuwa kimevaa barafu ndani na nje, kinang'aa kama kioo cha taa. Jirani yangu Cyriaque, Mrundi anayechomelea vyuma humu uwanjani, alikuja kutazama akiwa amejitanda blanketi.

"Eish, mzee," alisema, "umekinywesha chai, sasa kimeshiba kimelala."

Tangu hapo nautia ufunguo moto kwa kibiriti kabla ya kuuingiza, kisha nangoja. Mtu hujifunza kungoja mlangoni pake mwenyewe, naye hujifunza pia kutotazama nyuma kama kuna anayemwona.

Kwa hiyo nasema, kwa mapenzi na si kwa kukataa: tuseme Agosti, mwishoni. Baridi itakuwa imelegea, nami nitakuwa nimejipanga. Dada yangu amestahimili makubwa. Haifai nimpokee kwa kumsimamisha nje.

Nduguyo na mtumishi wenu,
Mselem


Ngamiani, Tanga
2 Juni 2025

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya basi. Sisi ni wazima kwa kiasi cha kuweza kusema hivyo. Suhaib ameniletea mbuzi wa Idi amfunge uani kwangu, na usiku mbuzi huyo huniita kwa sauti ya binadamu aliyesahau jambo. Bushra amepata mjukuu wa kike. Joto limepungua, tunajifunika kanga mbili alfajiri na kujiona tumeteseka.

Wanawake wamekipenda kitasa chako kuliko hotuba yako. "Mlango ugande?" aliuliza Bushra. "Ni nguru wa friji?" Mwenzake akataka kujua kama barafu hiyo wauza juisi wa sokoni wangeweza kuagiziwa. Nilipoyafikia maneno ya nyumba ndogo ya muda, niliyaruka. Niliyaruka kwa ajili yao. Mimi nimeyasoma.

Ni nyumba gani hiyo, Mselem, ambayo mvuke wa kikombe kimoja cha chai unatosha kuujaza mlango wake? Kuta zake ni za nini? Nilifundisha sayansi hadi nikastaafu, na matofali siyaoni katika maelezo yako.

Juu ya kitasa chenyewe nakushangaa. Umesahau mlango wa mama? Kila kitasa katika mji huu wa chumvi kinaishi kwa mafuta ya nazi. Unyoya wa kuku, mafuta, basi. Bushra amekutengenezea chupa nzima kwa nazi za Pangani. Amelipika tui hadi likatoa mafuta ya rangi ya asali, na amekataa shukrani mpaka mlango ufunguke. Twalib anayo. Tia kwenye kitasa na kwenye bawaba, usivionee huruma.

Agosti, umesema. Vyema. Suhaib ameshamwaga mchanga na matofali mbele ya mlango wa barazani, kwa hiyo wageni wangu huingia kwa uani, kwa mbuzi. Si wote wanaokuja tena. Nami nimechoka kidogo, uchovu wa kukaa tu, ambao sikujua kwamba upo. Agosti ni vyema.

Dada yako,
Mayasa


Randburg
30 Juni 2025

Dada yangu, na jamaa mnaosikiliza,

Mwenyezi Mungu akulipe kwa eda uliyoitimiza, kwa kuwa subira ya mjane ni ibada isiyopigiwa adhana. Idi tumeiswali tukiwa na makoti juu ya kanzu, safu nzima ikitoa moshi mdomoni kama mabirika. Imamu alifupisha hotuba, nami kwa mara ya kwanza nikamwelewa mtu anayefupisha hotuba.

Chupa ya Bi Bushra ilifika salama. Ilifika nyeupe, imeganda kama mshumaa, nami kwa furaha ya harufu yake sikujiuliza maana. Niliisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto hadi mafuta yakarudi kuwa mafuta. Nikachukua unyoya wa njiwa kwa kukosa wa kuku, nikakinyonyesha kitasa mpaka kikatokwa na jasho. Jioni ile ufunguo ulizunguka kama unaelea. Nilitamka kwa sauti, nikiwa peke yangu, kwamba pwani imeishinda Johannesburg. Bi Bushra, mikono yako isipungukiwe na baraka.

Dada, wasomee mpaka hapa. Yanayofuata ni yako.

Alfajiri ya pili yake nilikuwa ndani. Jiko la gesi lilikuwa linawaka, maana vidole vyangu vilikataa kukunjika, na matundu yote ya hewa nilikuwa nimeyaziba kwa soksi na magazeti ili upepo usiingie. Kichwa kikaanza kuwa kizito, uzito mtamu ambao sikuuamini. Nikazima jiko, nikashika kitasa. Hakikujongea. Mafuta ya nazi, dada, huku hugeuka nta. Kitasa chote kilikuwa kimezibwa kama jino, nta kwa ndani na barafu kwa nje. Nilipiga mlango kwa bega. Nilipiga kwa sufuria. Mwishowe nilimwita Cyriaque kwa sauti yangu yote, nayo haikuwa nyingi.

Alikuja mbio, akavunja kishikizo cha dirisha kwa bisibisi, akaniambia nitoe kichwa na mkono mmoja.

"Sipiti hapa," nikasema.

"Utapita. Usihutubie, mzee, toa pumzi!"

Alinivuta kwa bega, mkewe Epiphanie akinivuta mkono, mpaka nikaangukia majani yenye barafu nikiwa na fulana na shuka. Tuliketi chini wote watatu tukihema. Cyriaque akajipangusa mikono. "Kwetu nimezalisha mbuzi hivi hivi," alisema. "Ila mbuzi alisimama mwenyewe."

Epiphanie husuka nywele karibu na stendi ya teksi. Alileta mashine yake ya kukaushia nywele, akavuta waya kutoka chumba chao cha langoni, akakipulizia kitasa hewa ya moto kama anavyompulizia bibi harusi. Mafuta yakaanza kutiririka, na uwanja mzima ukanukia wali wa nazi. Hapo nililia, dada, mbele ya watu, na Epiphanie kwa hisani yake akasema mashine hiyo huwa inaumiza macho.

Sasa ujue ni nyumba gani. Ni karavani: trela la bati jembamba lenye magurudumu mawili, ambalo watu wa hapa hulikokota nyuma ya gari wakienda likizo, na majira ya baridi huliegesha katika uwanja huu ninaoulinda. Nakaa katika moja lililosahauliwa na mwenyewe. Ukuta wake naweza kuutoboa kwa kijiko. Hicho ndicho nilichokuwa nikikifunika kwa kicheko simuni, na ndiyo sababu nilikutajia Agosti badala ya kukuambia karibu.

Eda yako imekwisha tangu katikati ya mwezi huu. Uko wapi, dada?

Mselem


Tanga
19 Julai 2025

Mselem,

Salamu. Nilikuwa na homa, imeondoka. Mjukuu wa Bushra ameanza kucheka. Mvua hakuna.

Barua yako sikumsomea mtu. Hapakuwa na wa kumsomea, na hilo lisikusumbue; eda ikiisha, waliokuja kuketi hurudi majumbani kwao.

Mahali pa jiko nilipasoma nikaikunja karatasi, nikaifungua tena kesho yake. Chupa ile niliituma mimi. Miaka yote niliwaandikia watoto ubaoni kwamba kila kitu kina joto lake la kuyeyukia, na asubuhi za Julai hapa hapa Tanga nimeshaona mafuta ya nazi yakifanya utando mweupe chupani. Nililijua jambo hilo, nikakuandikia kana kwamba silijui, kwa kuwa nilikuwa nakumbuka mlango wa mama. Bushra sikumwambia. Nimemwambia mlango umefunguka, naye sasa amekubali kushukuriwa.

Nakukataza, kama mkubwa wako: usiyazibe matundu ya hewa tena. Afadhali mafua. Na kitasa kisiguse mafuta ya aina yoyote. Chonga penseli, ule unga mweusi wa ndani uupake kwenye ufunguo, kisha uuingize na kuutoa mara kadhaa. Ni mkavu, hauna cha kuganda. Usiku kifunike kitasa kwa kitambaa upande wa nje.

Kuhusu mimi: nipo. Pa kulala ninapo. Safari yangu tuiache. Wewe huna nafasi ya mtu wa pili, na mimi sina haraka na lolote. Twalib nimemwambia asipite tena nyumbani kwa Nassir, kuna vumbi la ujenzi. Barua aiache dukani kwa Bushra. Usiniulize tena nilipo. Ukiniuliza nitakujibu kama ulivyokuwa ukinijibu simuni.

Mayasa


Randburg
8 Agosti 2025

Dada,

Cyriaque na Epiphanie wanakusalimu. Mchana jua limeanza kuwa na maana, alfajiri bado. Mwezi huu Newtown sikwenda. Waliniletea ujumbe kwamba mkutano umekwisha mapema na kila mtu ameshangaa.

Nilimbana Twalib. Alikaa, akaomba chai, akaisifu chai, akaomba sukari, akaikoroga hadi ikapoa.

"Mimi nabeba barua tu, mzee wangu," akasema.

"Na anayeziandika anakaa wapi?"

"Yeye amenikataza."

"Mimi nakuamuru."

"Eish! Basi nimekosa kwa wote wawili." Akaweka kikombe chini. "Nilimkuta madrasa. Chumba cha kuwekea mikeka. Vitabu vyake kavipanga dirishani, kanga kaifanya pazia. Alinipa chai kama hii yako, ila yeye alinitilia sukari kabla sijaomba."

Sikuulizi tena. Nakueleza nilicho nacho, nawe upime.

Karavani lina viti viwili virefu vinavyotazamana, na kila kimoja hufunguka kikawa kitanda. Mmoja akisimama, mwenziwe sharti aketi. Maji ni ya bomba la nje, choo ni cha langoni, tunashirikiana na Cyriaque. Penseli yako ilifanya kazi, nami niliishukuru kila asubuhi kwa muda wa wiki moja, kisha nikachoka. Sikuchoka na baridi. Nilichoka kukipasha moto, kukipuliza, kukisugua na kukibembeleza kitu ambacho kazi yake ni kunifungulia. Nilimwita Cyriaque, akakikata kitasa chote kwa mashine yake. Mahali pake ametia komeo la mti kwa ndani, alilolichonga kutoka kasha la machungwa, na kwa nje kuna kamba ya kuvutia. Lango la uwanja lina kufuli na mlinzi, naye mlinzi ni mimi, kwa hiyo nimejiamini. Alfajiri nalisogeza komeo kwa kidole kimoja, mlango unafunguka. Inanichukua muda kuzoea. Bado huamka nikitafuta kibiriti.

Mwenye uwanja alipoona tundu la kitasa limezibwa alisema tumelishusha thamani karavani hilo. Nikamwambia lilishashuka siku nilipohamia. Akacheka, nikaona hapo ndipo pa kumwomba. Nikamwambia nina dada.

"Atakaa muda gani?"

"Sijui."

"Sharp," akasema, yaani sawa kwa lugha ya huku, akaenda zake.

Sina neno zuri la kulifunika hili. Si mahali pa kupumzikia. Baridi ikiondoka litakuja joto, na bati ni bati. Ukija utakuwa umetoka katika chumba cha mikeka ukaingia katika chumba cha magurudumu, na watakaokuuliza habari za mdogo wako aliyeko Johannesburg utawajibu unavyojua. Lakini kitanda cha pili jana nimeondoa vitabu vyangu juu yake, nikaanika godoro lake juani. Njoo.

Mselem


Musina, Afrika Kusini
27 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Nakuandikia juu ya goti, katika mgahawa wa stendi, Twalib akibishana na mtu juu ya nafasi ya mizigo. Sote wazima. Bushra alilia, kisha akanifungia mihogo ya kukaanga ya kutosha nchi zote nitakazopita, na kweli imenifikisha. Suhaib alikuja kituoni Tanga, sikumwita. Alinibebea sanduku hadi ndani ya basi, akakikalia kiti changu kidogo kuona kama ni kizuri, akasema, "Mama, samahani kwa vumbi." Nikamwambia vumbi hutulia. Akashuka.

Twalib alikueleza kweli. Nilikuwa katika chumba cha mikeka tangu wiki ile ile eda ilipokwisha. Watu wa madrasa walinistahi. Kila alfajiri mwalimu alibisha hodi kwa adabu, akitaka mikeka, nami nikasimama nje na shuka yangu mkononi hadi watoto walipokwisha kuketi. Watoto wakaniamkia, "Shikamoo, bibi," mmoja mmoja, na wote nikawaitikia. Sakafu haikunichosha. Kilichonichosha ni kuamka kila siku ndani ya kitu ambacho wenyewe wanakihitaji.

Nilikuandikia kwamba huna nafasi ya mtu wa pili. Sikuwa nakuonea huruma, Mselem, ingawa niliiandika hivyo ili ionekane huruma. Niliogopa kwamba hata wewe utanipisha kwa adabu. Uliposema godoro umelianika, nilijua hujapisha, umenitayarishia.

Mpakani afisa aliuliza nitafikia kwa nani. Nikasema, kwa ndugu yangu, Randburg. Akauliza namba ya nyumba. Nikamwambia haina namba, ina magurudumu. Alinitazama, akatazama miguu yangu iliyovimba, akagonga muhuri wa matembezi. Yatakayofuata baada ya muhuri huo tutayafuata pamoja. Leo sina nguvu ya kuyawaza.

Sasa nisikilize. Usitoke kununua chochote. Epiphanie asipike. Usitayarishe maneno ya kunipokea, nitaelewa ukinyamaza. Mimi nataka kulala, na ninapolala asiwepo wa kubisha hodi kwa adabu. Kesho yake, au siku itakayofuata, nitaamka nikueleze yote, nawe utanieleza yako, na mmoja wetu akisimama mwenziwe ataketi.

Barua hii Twalib hatakuletea ndani. Ataipitisha kwenye nondo za lango uje uipokee, kwa kuwa ni muda mrefu hatujaonana mimi na wewe bila karatasi kututangulia, na naona haya kukutokea ghafla. Mimi nimesimama nyuma yake, upande wa barabara, na sanduku langu.

Kwa hiyo ukifika hapa acha kusoma. Fungua lango. Huku nje kuna baridi.

Mayasa